Makala ya Newala ya 1955 na hesabu za kurejelewa

Mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala na vijiji vingine vya Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, walishikwa na homa ya ghafla, viungo vikiuma hadi mtu anashindwa kunyanyuka kitandani. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha makala ya dalili za ugonjwa huo, na W. H. R. Lumsden akachapisha yake kuhusu ulivyosambaa: uwandani maji ni shida, watu huyahifadhi ndani ya nyumba, na mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana humo humo. Ndiyo chikungunya hiyo.

Kwa takribani miaka hamsini makala hizo hazikuwa na wasomaji wengi nje ya wataalamu wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Kisha 2005 na 2006 ugonjwa ukakikumba kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, karibu theluthi ya wakazi wakaugua. Mwaka 2007 ukafika Italia, 2013 Karibiani. Sasa anayeandika historia ya chikungunya ni nadra amruke Robinson. Makala yenyewe haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni nani anaumwa.

Ndiyo maana naona kamati za ajira na za kupandisha vyeo zinakosea zinaposoma namba za marejeleo, yaani makala imetajwa na makala nyingine mara ngapi, kabla ya kusoma kazi. Kipimo kinachopendwa sana, kile cha jarida (impact factor), hutazama miaka miwili tu: makala zilizotoka ndani ya miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa mara ngapi mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Makala 120 zikirejelewa mara 300, jarida lina 2.5. Huo ni wastani, na kwa kawaida unavutwa juu na makala chache, nyingi zikibaki chini yake. Kumpa mtu 2.5 ya jarida kana kwamba ni yake ni uvivu, na Tamko la San Francisco (DORA), kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilikwishalikemea hilo tangu 2012.

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch 2005, angalau kinamhusu mtu mwenyewe: h ni idadi ya makala zake ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h. Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi: 40, 22, 9, 6, 5, 3, 1. Ya tano ina marejeleo 5, ya sita ina 3 tu, kwa hiyo h ni 5. Ile ya 40 ingekuwa na 4,000, h ingebaki 5 ile ile. Na haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti akalime korosho.

Kinachowaumiza zaidi watafiti wetu ni majina. Anayeandika Saidi kwenye makala moja, Said kwenye nyingine, na herufi za mwanzo tu kwenye ya tatu, Scopus, hifadhidata ya makala na marejeleo yake, inaweza kumhesabu kama watu watatu, kila mmoja na h ndogo. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, ina kosa la upande wa pili: inaweza kukubandikia makala za mwenye jina kama lako. Chagua tahajia moja, usiibadilishe hata ukiolewa. Fungua ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, bure, uiweke kila unapowasilisha makala. Kwenye Google Scholar zima uongezaji wa moja kwa moja ili kila makala isubiri idhini yako, na unganisha nakala mbili za makala moja, maana marejeleo yaliyogawanyika yanaweza kuifanya h ionekane ndogo kuliko ilivyo. Scopus wanasahihisha wasifu ukiwaomba.

Halafu kuna wasioonekana kabisa. Jaribio la kuwapa watoto wachanga dawa ya malaria pamoja na chanjo lilifanyika katika wilaya tano za Lindi na Mtwara. Kwenye kazi kama hizo, anayezunguka vijijini na dodoso mara nyingi huishia kwenye shukrani, na shukrani hazina h. Nani anaingia kwenye orodha ya waandishi na kwa nafasi ipi, kubalianeni kabla ya kukusanya takwimu. Muswada ukishaandikwa, umechelewa.

Kwa kamati, mwombeni mwombaji makala tano na sentensi mbili kwa kila moja: alifanya nini yeye, na nini kilibadilika kliniki au maabara. Namba ikibidi iwepo, iandikwe na chanzo na mwezi wake, kwa sababu Google Scholar huhesabu hadi tasnifu na makala zisizohakikiwa, na h ya mtu yule yule inaweza kuwa 14 huko na 9 Scopus siku hiyo hiyo.