Boneti Nyepesi ya Papa Mchungaji

Papa Mchungaji alitaka boneti nyepesi ya gari lake kwa sababu ile ya chuma ilikuwa imemgonga kisogoni. Chuma cha kuishikilia kilivunjika zamani, akawa anaiegemeza kwa mpini wa ufagio. Siku moja yuko anapima maji ya rejeta, mpini ukateleza. Jumapili akahubiri na bandeji kichwani. Hapo ndipo Yaya alipoiona biashara.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Aliwahi kukaa Ndola, Zambia, kwa fundi wa matangi ya maji, akarudi kwetu Katuba, Lubumbashi, na ndoo ya resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, mkeka wa nyuzi za kioo na maneno mengi.

"Papa, Wamarekani walitoa Corvette mwaka 1953, bodi yote nyuzi za kioo na plastiki. Ndege ya Boeing 787, nusu ya uzito wake ni vitu kama hivi. Sasa kapo moja tu itatushinda?"

Kapo kwetu ndiyo boneti. Hakutaja kwamba za Boeing nyingi ni nyuzi za kaboni, na kwamba huokwa kwenye tanuru lenye mgandamizo, si chini ya mwembe. Papa Mchungaji akatoa nusu ya pesa.

Kazi yenyewe, kwa kusimulia, ni rahisi. Unapaka nta juu ya boneti ya zamani, tabaka baada ya tabaka, unasugua mpaka ujione uso. Unalaza mkeka, unaulowesha kwa resini, ikikauka unabandua ganda. Ganda hilo ndilo kalibu, na hufanywa nene kuliko boneti utakayoitengenezea ndani yake. Yote yanategemea nta. Resini ikikuta mahali pakavu penye mikwaruzo, imehamia hapo na mizigo yake.

Tulikuwa na kijana anayejifunza kazi, mwenye bidii ya kutisha. Yaya alimwambia, "Safisha kapo muzuri." Kijana akachukua msasa. Tunatoka kula tunakuta boneti imekwanguliwa mpaka chuma kinaonekana, naye anatabasamu akingoja sifa. Akatumwa nta sokoni, akarudi na kopo la nta nyekundu, ile ambayo mama zetu wanapaka sakafu. Yaya akalifungua, akanusa, akasema, "Nta ni nta." Akapaka mara moja tu, ya pili akaiona ni hasara. Na kwa kuwa nati za bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu, boneti ikabaki garini, imefungwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, na asubuhi ya Lubumbashi mwezi huo haina huruma. Resini nayo haipendi baridi. Dawa ya kuigandisha huwekwa asilimia 1 au 2 hivi; kukiwa na baridi inasinzia. Tulipaka, tukalaza mkeka, tukangoja. Ukigusa, kidole kinanata tu. Yaya akainua chupa akamimina dawa kwenye ndoo iliyobaki, kwa kipimo cha jicho, "ipate nguvu". Tukapaka haraka haraka juu ya ile ya kwanza. Saa tano jua likatoka.

Resini ikiganda huzaa joto lake yenyewe. Ikitandazwa nyembamba, joto linatoroka. Ikirundikana ndani ya ndoo, linapita digrii 100 bila kuaga. Ile rangi ya waridi ikageuka kahawia. Brashi ikasimama yenyewe katikati, kama mwiko kwenye bukari, ule ugali wa msibani. Kisha ndoo ikaanza kutoa moshi. Nikaishika nikaitoe nje ya lango: mpini ukaja, ndoo ikabaki. Mama wa jirani akachungulia juu ya ukuta, kitambaa puani.

"Munaunguza nini huko? Mutu?"

Jioni ganda lilikuwa gumu, linapendeza. Tukapigilia kabari za mti pembeni. Tukamwaga maji ya moto. Mwishowe tukashika wanaume wanne, Yaya akahesabu, tukavuta. Gari likaja lote. Tukavuta tena, likazidi kuja, mpaka likafika langoni.

Resini ilikuwa imechuruzika hadi kwenye nafasi za pembeni, ikaziba kila kitu. Yaya akaleta mashine ya kukata, akazunguka boneti nzima, vumbi la kioo likatanda uani. Papa Mchungaji akaingia wakati huohuo na suti yake nyeupe. Kesho yake alikuwa na harusi ya kufungisha Likasi.

"Kapo yangu iko wapi?" akauliza, ameshaanza kujikuna shingo.

"Iko, Papa."

"Ile nyepesi?"

"Iko juu ya ile nzito."

Akajaribu kuifungua. Ikapanda kidogo, ikarudi kwa kishindo. Waliitwa mashemasi wawili ndipo ikakubali, na mpini wa ufagio haukuthubutu kusogea karibu.

Akaondoka nayo hivyohivyo. Jumatatu akarudi, sisi tukajificha nyuma ya choo. Kumbe hakuja kugombana. Njiani polisi walimsimamisha, wakataka kuona namba ya injini. Akawaambia, "Fungueni wenyewe, mimi mutu wa Mungu nina mgongo." Mmoja akainua, akaita mwenzake. Wakainua wawili, kofia zikaanguka. Wakatazamana.

"Pita, Papa. Pita tu."

Yaya akatoka kule chooni akijikung'uta suruali, akauliza kama ile nusu ya pili ya pesa ipo.