Mama Mkwe na Mashine za Ufaransa

Kwenye gari la usukani wa kulia, ukiwa Ufaransa ambako magari hupita kulia, dereva hana cheo. Mwenye cheo ni aliyekaa kushoto. Yeye ndiye anayeona kama nyuma ya lori la mbele kuna gari linakuja, yeye ndiye aliye karibu na mashine za tiketi, na yeye ndiye askari wanayemwendea wakisimamisha gari. Mimi kule kulia kazi yangu ilikuwa kukanyaga mafuta na kutazama majani ya pembeni ya barabara.

Tulihama Uingereza kwenda Dijon kwa sababu ya kazi, na gari tukahama nalo. Kila mtu alinishauri niliuze. Lakini lilikuwa gari zima, halijanikosea kitu, na sheria nayo ilikuwa upande wangu: anayehamia kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, akiwa ameishi huko nje walau mwaka mzima na amelimiliki gari lake kwa miezi 6 au zaidi, anasamehewa ushuru wa forodha. Asiyesamehewa anatozwa asilimia 10, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na kwa gari la umri wa letu, hesabu hiyo ikiisha bora ulifugie kuku.

Kwa hiyo msamaha tunao. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi za Ufaransa huwa zinangojana. Ili upewe namba za Kifaransa unatakiwa cheti cha forodha kiitwacho 846 A, cheti cha kiwanda kinachothibitisha gari limeundwa kwa viwango vya Ulaya, na, likiwa limepita miaka 4, cheti cha ukaguzi kisichozidi miezi 6. Vyote hivyo unavipakia kwenye tovuti ya serikali, halafu unakaa kusubiri. Mkazi kapewa mwezi 1 tu wa kumaliza shughuli hiyo. Ukikutwa umepitiliza, kuna faini ya euro 135. Ofisi inayokupa cheti cha kwanza haijaambiwa habari za huo mwezi.

Halafu kulikuwa na ile alama ya nyuma, ya kuonyesha gari ni la nchi gani. Gari la Uingereza likivuka maji lilikuwa linabandikwa GB. Tarehe 28 Septemba 2021 Waingereza wenyewe wakabadili wakataka UK. Nikabandika UK, ila GB ikagoma kubanduka, ikabaki hapohapo pembeni. Gari likawa kama sanduku la msafiri aliyesahau kwao ni wapi.

Nikiwa peke yangu, barabara za kulipia nilikuwa nazimudu kwa mbinu. Mashine ya tiketi iko kushoto, mimi niko kulia, katikati kuna kiti kizima na mlango. Mwanzoni nilikuwa nafungua mkanda, nashuka, nazunguka gari mbio huku walio nyuma wakinitazama kwa huruma. Baadaye nikanunua koleo refu la kugeuzia nyama. Nalala juu ya kiti cha abiria, natoa koleo dirishani, nabana tiketi, naivuta ndani. Ukiizoea unajiona fundi. Siku yenye upepo hujioni fundi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, koleo likastaafu.

Hakukuwa na mjadala wa nani akae mbele. Mke wangu alikaa nyuma na mtoto, mama akapanda mbele kushoto, akavuta mkanda, akaweka mkoba mapajani na kushusha kioo kuonyesha kwamba yuko tayari. Tulikuwa tunakwenda Lyon, safari isiyofika kilomita 200. Nilimweleza kuwa mbele kuna mashine, itatoa tiketi, aichukue na aitunze, kwa sababu bila hiyo tiketi hatutoki. Hilo neno "aitunze" ndilo lililoanzisha kesi yote, ingawa mtu mzima yeyote angeomba vilevile.

Kabla hata ya kufika barabara kuu tulikwama nyuma ya trekta. Barabara ya njia mbili, mimi naona tela la trekta na hakuna kingine. Ikabidi nimuulize.

"Mama, mbele kuko wazi?"

Akachungulia. "Nenda, baba."

Nikawasha indiketa, nikaanza kuchomoza pua. "Hakuna gari kabisa?"

"Lipo, lakini ni dogo."

Nilirudi nyuma ya trekta na kukaa hapo mpaka lilipoamua lenyewe kukata kona kwenda shambani. Mke wangu alikuwa ameziba uso kwa blanketi la mtoto.

Kwenye kituo cha kuingilia, mashine ina kitufe cha tiketi na kitufe cha kuomba msaada. Mama alibonyeza cha msaada. Ikatoka sauti ya mwanamke, ikasalimu. Mama mkwe wangu hasalimiwi akanyamaza. Akaitikia, akamuuliza hali yake, habari za nyumbani, watoto wazima, na kazi inakwendaje humo ndani. Yule mwanamke akajibu kitu kwa Kifaransa. Mama akasema "eeh, tunashukuru". Honi zikaanza nyuma yetu. Mke wangu akapiga kelele kwa Kifaransa kutoka kiti cha nyuma kuomba radhi, mama akabonyeza kitufe cha pili, tiketi ikatoka, kizuizi kikainuka. Akapunga mkono kuiaga mashine.

"Ana heshima yule binti," alisema. "Lakini wanamfungia padogo sana."

Barabara kuu ilikuwa nyeupe. Tatizo likawa dashibodi. Mita ya gari la Uingereza inasoma maili kwa herufi kubwa, kilomita zimeandikwa kwa ndani, ndogo kama za kumkomoa mtu. Mama akasoma ubao wa barabarani: 130. Akainama, akasoma mita yangu: 70. Akanyamaza kwa adabu. Kigari kidogo kikatupita kwenye mteremko. Akasoma tena.

"Mkwe wangu, mafuta yanatosha?"

"Yanatosha, mama."

"Basi mbona tunakwenda nusu?"

Nilimweleza habari za maili, kwamba 70 zile ni kama kilomita 113, na kwamba hata 130 ya ubaoni ni maili 81 tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye: "Mumeo ana maelezo mazuri." Sijawahi kusikia matusi yaliyopangwa vizuri kiasi hicho.

Tulipofika kituo cha kulipia, kaskazini ya Lyon, nikaomba tiketi itolewe.

Mama akafungua mkoba. Vikatoka tasbihi, dawa ya mgongo, picha za wajukuu kwenye bahasha, vijipakiti vya chumvi vya kwenye ndege na sindano yenye uzi mweusi. Tiketi hakuna. Mashine ya hapo inaongea yenyewe bila kubonyezwa. Ikasema ingiza tiketi. Mama akaiambia isubiri. Ikarudia. Akaona isije ikakasirika, akachukua kipande cha pasi ya kupandia ndege, akakiingiza. Mashine ikakitema. Akakigeuza, akakiingiza tena upande wa pili. Mashine ikakitema kwa nguvu zaidi.

"Hii nayo ni ya kutoka Paris," alilalamika, "kwani si ni hukuhuku?"

Tukabonyeza msaada. Safari hii alikuwa mwanamume, na huyu hakutaka kujua hali ya mtu. Kule Ufaransa asiye na tiketi analipishwa kama aliyeingilia mbali kuliko wote. Mke wangu alimwambia tumetoka Dijon. Yule bwana akasema, kwa upole, kwamba wote waliopoteza tiketi huwa wametoka karibu. Nikampa mama kadi ya benki, akaigusisha kwenye mashine, kizuizi kikainuka. Hakupunga mkono.

Tulikuwa hatujamaliza hata mita mia mbili pale askari wa barabarani walipotuonyesha tukae pembeni. Hupenda kusimama hapo mbele ya vibanda kwa sababu kila mtu anapita akiwa mwendo wa pole. Gari lenye UK na GB kwa pamoja, lililokaa kwenye mashine kama limeenda kulala, hata mimi ningelisimamisha.

Alikuja askari kijana, na alikwenda dirisha la kushoto bila kufikiri. Mkononi alishika kipima ulevi, kile kidude chenye kimrija cha kupulizia. Ndani ya gari, sekunde ileile, mama alikuwa amefungua kasha la miwani, na humo, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa kitambaa cha miwani, ikatoka tiketi.

Sasa mtazameni kwa haki. Tangu safari ianze amefundishwa kwamba kila kitu cha umeme kinachosogea dirishani kwake kinataka tiketi. Kikasogea kingine. Na tiketi anayo.

Askari akasema jioni njema, tafadhali pulizeni hapa. Mama akaikunjua tiketi, akailenga kwenye kimrija, akaanza kuisukuma.

Askari akavuta mkono. Mama akamshika kifundo kwa mkono wa pili. "Tulia, mwanangu, inaingia. Inaingia."

Haikuwa inaingia. Akaikunja iwe nyembamba. Askari mwenzake akaja kuona mbona mambo yamekawia, akasimama nyuma ya kijana bila kusema neno, na nilimwona anauma mdomo. Yule kijana, kwa kuwa alifunzwa vizuri, akarudi kwenye utaratibu: akaomba leseni ya udereva. Mama akampa pasi ya ndege. Ndipo askari akainamisha kichwa ndani kutafuta usukani. Akatazama mbele ya mama, hakuna. Akatazama miguuni pake, hakuna. Akanitazama mimi. Nikainua kiganja kimoja, kile kingine kikiwa bado kwenye usukani kama ushahidi.

"Ah," alisema.

Mke wangu akaanza kutafsiri. Mama alipoelewa kuwa kile kidude ni cha kupima pombe, joto ndani ya gari lilipanda. "Mwambie mimi hajjat. Mwambie hata soda naogopa gesi." Ilitafsiriwa kwa kifupi. Kidude kikazungushwa upande wangu na kimrija kipya, nikapuliza, kikasoma sifuri.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, ila askari mkubwa alikuwa ameshaanza kuzitazama namba. Akauliza kama tunaishi Ufaransa. Mama alikuwa amejifunza neno moja la Kifaransa tangu afike, na alikuwa na hamu ya kulitumia.

"Oui," alisema.

Mnaishi muda mrefu?

"Oui."

Zaidi ya mwezi?

Nilimtazama bintiye kwenye kioo cha kati. Bintiye akatazama dari. Mkwe humzibi mdomo.

"Oui, oui," alisema mama, akiwa amechangamka sana.

Nikatoa faili. Maombi ya cheti cha forodha yenye mhuri wa kupokelewa, cheti cha kiwanda, miadi ya ukaguzi ya juma lililofuata. Askari mkubwa alisoma kila karatasi. Hakuandika faini. Alichoniamuru ni nibandue GB, kwa kuwa gari haliwezi kuwa na herufi za nchi mbili, na nchi yenyewe ni moja. Kisha akamrudishia mama tiketi kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Tulipoondoka, mama alitaka turudi kwenye kile kibanda tukadai chenji yetu, kwa sababu sasa ushahidi upo na serikali imeushika. Nilimweleza kwamba kwenye barabara kuu hairuhusiwi kugeuza gari. Akasema Wafaransa wana sheria nyingi kwa watu wasiojua usukani unakaa wapi.

Ukaguzi wenyewe tulianguka. Taa za gari la Uingereza zimelenga kushoto kidogo ili zimulike ukingo wa barabara. Ukienda nazo Ufaransa zinamulika macho ya anayekuja. Na taa ya ukungu ya nyuma ilikuwa moja tu, upande wa kulia, wakati huko inatakiwa iwe kushoto. Ukikutwa na kasoro kubwa unapewa miezi 2 ya kurekebisha na kurudi. Nilinunua taa mbili za mbele kwa bei ambayo mke wangu hadi leo anaitaja akitaka kununua kitu. Tukarudi, tukapita, na namba zikatoka: herufi mbili, tarakimu tatu, herufi mbili, za kudumu na gari hilo hadi litakapokwenda kukatwa chuma. Usukani umebaki kulia.

Ndiyo maana nikanunua kile kidude cha kubandika kwenye kioo cha mbele, kinachosomwa na kizuizi chenyewe. Hakuna tiketi, hakuna kadi, kuna vituo ambavyo unapita kwa kilomita 30 kwa saa bila hata kusimama.

Mama mkwe alipokuja tena sikukumbuka kumwambia. Aliketi mbele, akavaa miwani, na tulipokaribia kituo akashusha kioo, akatoa mkono hadi kiwikoni. Kizuizi kikainuka. Tukapita. Mashine ikatupita kushoto bila kutamka neno, mkono wa mama bado uko nje.

Akaurudisha ndani taratibu. Akapandisha kioo, akavua miwani, akaifungia kwenye kasha.

"Kama kazi yangu hamkuipenda, baba," alisema, "mngenipa notisi."