Mwandishi mmoja wa kubaki: namchagua kwa mizani, si kwa sifa

Swali la nani ahifadhiwe akibaki mmoja huishia kwenye ubishi wa ukubwa: nani kasomwa zaidi, nani katuzwa. Mimi naanzia kwa mchwa. Kitabu kitaliwa, kitalowa, kitakosewa na mnakili. Basi achaguliwe ambaye kazi yake ikitoboka inazibika. Ndiyo maana nasema Shaaban Robert (1909–1962).

Tazama utenzi. Ubeti una mishororo minne, kila mmoja mizani nane. Mitatu ya kwanza hushiriki kina, na wa nne huishia kwa kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mdudu akila neno la mwisho, unajua silabi ngapi zimepotea na zinaishia sauti gani. Utenzi wa Vita vya Uhuru una beti zipatazo 3,000 zenye ulinzi huo. Kusadikika (1951) ni nathari, haina: neno likitoka limetoka. Kwa hiyo riwaya ndizo zipewe nakala nyingi.

Mizani haikamati kila kosa, lakini. Mnakili akiona neno la kale, akaweka la kisasa lenye silabi zilezile na kina kilekile, hesabu inatimia na maana imekwenda. Kamusi ya zama zake iwekwe boksi moja na diwani. Bila hiyo tunahifadhi sauti tupu.

Kwa anayehifadhi Moshi au Arusha, adui mkubwa ni masika, Machi hadi Mei. Watu hufunga vitabu kwenye mfuko wa plastiki wakidhani wanavikinga. Unyevu uliomo kwenye karatasi hukosa pa kutokea, ukungu unaota. Tumia boksi la kadibodi isiyo na asidi, rafu ya chuma, sentimita 15 juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje. Pini zenye kutu zing'olewe. Seloptepu usiiguse kabisa: gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi, na hakuna wa kuitoa salama mtaani.

Kurasa zipigwe skana kwa vitone 400 kwa inchi, kisha ziwekwe kwenye diski, nakala tatu. Arusha na Moshi zote ziko chini ya milima ya volkano, kwa hiyo ya tatu iende mbali. Tanga, kwao Shaaban mwenyewe, ingependeza, ila hewa ya bahari itaimaliza. Ipelekwe Dodoma kwenye ukavu, na diski zifunguliwe kila mwaka kuona kama bado zinasomeka.