Msiizime Chaneli ya Vijana, Huku Mwisho wa Reli Bado Tunatazama

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa kidato cha tatu aliingia kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, akakaa pembeni mpaka wateja wakaisha. Ndipo akafungua pindo la kanga yake, akatoa flashi na sarafu za mia mbili mia mbili.

"Shikamoo kaka. Naomba unitolee kile kipindi cha mdahalo wa wanafunzi. Nimetazama dakika kumi na moja tu, bando likakata."

Nilikijua. Zamani kilikuwa kinarushwa kwenye televisheni jioni, watoto wanakitazama wakisubiri ugali. Sasa waandaaji wake wanakiweka mtandaoni tu. Hakuna aliyetuuliza. Siku moja hakikuonekana, basi, chini ya skrini pakapita maandishi ya kutuambia tuwafuate mtandaoni.

Kazi yangu ni kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi na kuingiza nyimbo kwenye memori. Lakini dukani nashinda na vijana kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia, na neno moja linaniumiza kila ninapolisikia kutoka kwa wakubwa wa vyombo vya habari: kwamba vijana wote wameshahamia mtandaoni, kwa hiyo chaneli zao zihamie huko huko. Vijana gani? Wa wapi?

Waingereza walishaipita njia hii kabla yetu. BBC walikuwa na chaneli ya vijana inayoitwa BBC Three, iliyoanza Februari 2003 ikiwalenga watu wa miaka 16 hadi 34. Machi 2014 mkurugenzi mkuu wa BBC wa wakati huo, Tony Hall, akatangaza mpango wa kuitoa hewani na kuibakiza mtandaoni. Hakuficha kwamba sababu ni fedha. Hesabu yake ilikuwa kuokoa zaidi ya pauni milioni 50 kwa mwaka, na milioni 30 kati ya hizo zipelekwe kwenye tamthilia za BBC One, chaneli yao kuu. Watu walipiga kelele, saini zaidi ya laki mbili zikakusanywa, hata kampuni mbili za utayarishaji wa vipindi zikataka kuinunua. Haikusaidia. Februari 2016 ikazimwa.

Nitasema haki: huko mtandaoni haikufa. Ilitoa kazi nzuri, na tamthilia yake moja ilikwenda kubeba tuzo za Emmy, zile za televisheni za Marekani, mwaka 2019. Lakini Machi 2021 BBC hao hao wakatangaza kwamba wanairudisha kwenye televisheni, na Februari 1, 2022 ikawa hewani tena. Walieleza kwamba wapo vijana ambao wangefikiwa vizuri zaidi kwa chaneli ya kawaida, hasa wa familia za kipato cha chini na wanaoishi nje ya London na kusini-mashariki mwa Uingereza.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilirudia mara mbili. Kumbe hata kule, nchi iliyojaa intaneti ya nyumbani, wapo walioachwa, na walioachwa ni maskini na wa mikoani. Sasa nihesabieni Kigoma.

Sisi ni mwisho wa reli. Treni ilifika hapa ziwani mwaka 1914, na mpaka leo kutoka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, Bara tukangoja hadi 1994, na kwa sisi wa huku hata hiyo 1994 ilikuwa ya kuhadithiwa. Umeme wetu kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imetufikia juzi juzi tu. Kitu kipya kinatukuta tumeshachoka kukisubiri. Kikianza kuondolewa, sisi ndio wa kwanza kunyang'anywa.

Nilikulia Gungu, hapa hapa Kigoma. Televisheni ilikuwa moja kwa nyumba karibu kumi, nayo ilikuwa kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Jioni viatu vilijaa mlangoni pake mpaka ukitoka unavaa ndala isiyo yako. Watoto tulikaa kwenye mkeka mbele, akina mama nyuma na ungo wa dagaa wanaochambua, vijana wakubwa wamesimama dirishani kwa nje. Tulikuwa tunatazama EATV, chaneli iliyokuwa ikizungumza kama sisi, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona vijana wa rika letu wameshika kipaza sauti wanaulizwa wanafikiri nini.

Ipo jioni moja siisahau. Kikaja kipindi, sikumbuki cha chaneli ipi, wasichana wanaeleza jinsi wanavyokosa shule kila mwezi kwa sababu ya hedhi. Sebule ikanyamaza. Mzee akakohoa, akainamia redio yake ndogo akawa anaizungusha kitufe na wala haijawashwa. Tulijua ataamuru chaneli ibadilishwe. Hakuamuru. Kipindi kilipoisha akamuuliza mjukuu wake, taratibu, bila kumtazama, "Na wewe shuleni kwenu maji yapo?" Yule binti akajibu hayapo. Kesho yake nilimwona mzee anaelekea shuleni na fimbo yake.

Kwenye simu jambo kama lile litatokea vipi? Simu ina mwenyewe. Yule mjukuu angetazama peke yake chini ya shuka, kama simu angekuwa nayo, na babu yake asingejua kitu. Tena asingeletewa hata hicho kipindi. Mtandao unakusoma ulichotazama jana, unakuongezea kingine cha namna hiyo hiyo. Ukipenda vichekesho utapewa vichekesho mpaka usinzie. Televisheni ilituletea mambo ambayo hatukuyaomba. Tulikuwa tunasubiri mpira, tukakutana na mdahalo, na tukabaki kwa sababu hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake kwenye mkeka.

Halafu kuna bando. Watu wa mjini mkubwa wanalitaja kama kitu kidogo. Saa moja ya video yenye ubora wa kawaida inakula kama nusu GB, ikiwa safi zaidi inafika GB nzima au kupita. King'amuzi ukikilipia, au ukiwa na chaneli zisizolipiwa, wanatazama wanane kwa gharama ile ile moja. Kwenye simu kila mmoja wa wale wanane anajinunulia bando lake. Mzigo uliokuwa wa nyumba, na kwa sehemu wa mwenye chaneli, umehamishiwa kwenye mfuko wa mtoto asiye na kipato. Chaneli inaokoa fedha zake, na anayezilipa ni yule binti wa sarafu za mia mbili.

Na wasichana hapa ndio wanaoumia zaidi, nalisema hili kwa kuwa naliona kila siku dukani. Wanaokuja na simu zao mkononi wengi ni wavulana. Mvulana atabeba mizigo sokoni, atapata buku mbili, atajiunga. Msichana anaazima simu ya kaka, na kaka anairudisha mkononi mwake kabla ya kipindi kufika katikati. Televisheni ya sebuleni, hata akiwa anaosha vyombo, sauti inamfikia.

Tuliwahi kuonjeshwa hasara hii. Mwaka 2018, kwa sababu za leseni, chaneli za ndani zisizolipiwa ziliondoka kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia. Mtu ana king'amuzi, amelipia, na chaneli za nyumbani hazipo. Mtaani kwetu watu walizunguka wakitafuta nyumba yenye king'amuzi kinachozionyesha. Hakuna aliyesema, "Si kitu, nitaingia mtandaoni." Waliifuata televisheni ilipo, kwa miguu.

Sitaki nieleweke kwamba naupinga mtandao. Upo mtaji ndani yake ambao televisheni haikutupa. Kijana mmoja wa Kibirizi anarekodi uvuvi wa dagaa wa usiku, zile taa zilizotapakaa ziwani kama mji mwingine, na video zake zinatazamwa mbali. Ni chombo gani cha Dar es Salaam kingetuma kamera kilomita 1,250 kwa ajili ya mtumbwi wake? Kwa hilo naushukuru mtandao kwa moyo wote. Lakini nilimuuliza wanaomtazama ni akina nani, akasema wengi ni wa Dar na walio nje ya nchi. Wavuvi wenzake, wanaoonekana humo, wengi hawajaziona. Na hata kwa mwenye kutaka kuanzisha televisheni ya mtandaoni rasmi, tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 kuna leseni ya kutafuta. Kwa hiyo tusiambiwe mtandaoni ni uwanja wazi ambao kila kijana anaingia na kutoka bure.

Ninachoomba si kikubwa. Mwenye chaneli ya vijana ambaye fedha zimembana, apunguze saa za kurusha kabla ya kufunga. Aturushie saa mbili za jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, wakati watu wako nyumbani. Akishindwa kabisa, vile vipindi vyenye uzito avipeleke kwenye chaneli nyingine inayofika mikoani, wagawane hata matangazo. TBC ni ya umma na inatufikia. Siioni sababu ya kukosa saa moja ya vijana kwa siku, saa ya kweli, yenye vijana wa Kasulu na Urambo ndani yake na si wa Dar peke yao. Na wanaotoa leseni, mtu akitaka kuizima chaneli, wamuulize kwanza wanaoitegemea ni akina nani na wako wapi. Hesabu ya waliobofya haitoshi. Mkeka wa Gungu haubofyi.

Narudi kwa yule binti. Kipindi sikuwa nacho, nikamwambia aniachie flashi. Usiku nikajiunga bando la usiku, ambalo ni nafuu, nikakaa nacho mpaka kikashuka chote. Alipokuja kukichukua nilimshauri nimuwekee kwenye memori badala ya flashi, ili aingize kwenye simu atakayoazima, atazame kwa nafasi yake.

Akatikisa kichwa. "Hapana kaka, iache kwenye flashi. Nataka niichomeke kwenye TV."

Jumamosi alipita tena. Walikuwa tisa, akaniambia, pamoja na mama yake na majirani wa upande wa pili. Mama alitaka kujua kama mwendelezo upo. Ameniachia flashi nyingine, ya jirani, hii hapa mezani nikiandika.