Jumba likigeuka hoteli, baraza linabaki la nani?

Kila jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar likigeuzwa hoteli, ubishi huanza upya. Wapo wanaosema mji umeuzwa, wapo wanaosema umeokolewa. Mimi nasema umeokolewa, ila nina sharti.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Masika yakipenya darini, boriti huoza taratibu ndani ya ukuta, hata siku moja sakafu ishuke. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba kubwa la serikali pale Forodhani lilifikia hapo, nyumba ya mtaa wetu wa Malindi yenye familia sita, kila moja na chumba chake, nani ataitia chokaa?

Niliwahi kusimama na fundi akikwangua saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa kale. Nyuma yake jiwe lilikuwa limerowa, likimong'onyoka kwa ukucha, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani. Kuikwangua yote na kurudishia chokaa ni kazi ya miezi. Aliyekuwa akiilipia ni mwenye hoteli. Hilo siwezi kulikana.

Lakini tazama Mambo Msiige, pale Shangani. Jumba la karne ya 19, lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, baadaye likawa ofisi za serikali. Mwaka 2015 likafunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt, pamoja na jengo jipya lililosimamishwa kwenye uwanja wa wazi wa pembeni, kando ya bahari. UNESCO, iliyoutia Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, ilionyesha wasiwasi wake. Kukarabati jumba ni jambo moja, kula uwanja wa mji ni jingine, na hapa ndipo wanaolalamika wana haki.

Nililala usiku mmoja katika hoteli ya namna hii, kwa ajili ya harusi ya ndugu yetu. Kitanda cha samadari, mlango wa njumu, ukuta mnene unaotunza ubaridi hadi adhuhuri. Niliona fahari kweli. Asubuhi nikatoka mlangoni, nikakuta juu ya baraza, kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, kumepangwa vyungu vya maua, kimoja kwa kingine, pasiwe pa kukaa mtu. Hapo zamani wazee walikuwa wakinywa kahawa.

Sharti langu ni dogo. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, iandike kwenye kibali cha kila hoteli kwamba baraza la nje halifungwi wala halipangwi kitu, na njia ya kwenda pwani inabaki ya watu wote. Mgeni alale juu kwa raha zake. Chini, muuza kahawa atue dele lake.