Kuongeza mgandamizo wa injini kongwe ya petroli: faida ipo, lakini mpaka wake ni mwembamba

Kila anayefungua injini kongwe ya petroli kwa ukarabati mkubwa hufika mahali pamoja pa kuamua. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, imeshatoka, uso wake umepinda kidogo na ni lazima uchongwe ili ukae sawa na bloku. Basi kwa nini usichongwe milimita moja zaidi, mgandamizo ukapanda na gari likapata nguvu ambayo halikutoka nayo kiwandani? Wanaounga mkono hushika hesabu za fizikia, na hesabu hizo ni sahihi. Wanaopinga hushika pistoni iliyotoboka, na pistoni hiyo ipo, wala haikubuniwa ili kutisha watu. Ninavyoona mimi, faida ya kupandisha mgandamizo katika injini kongwe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila hupatikana ndani ya mpaka mwembamba unaowekwa na petroli iliyopo kwenye pampu, na haifai kutafutwa kabla injini haijarudishiwa mgandamizo wake wa asili.

Uwiano wa mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni, ni ulinganisho wa ujazo wote wa silinda pistoni inapokuwa chini kabisa na nafasi ndogo inayobaki inapofika juu kabisa. Ford Model T ilitembea kwa uwiano wa karibu 4 kwa 1. Volkswagen Beetle ya sisi (cc) 1200 ya miaka ya 1960 ilikuwa na 7 kwa 1, na Mazda ilipoleta injini zake za Skyactiv-G mwanzoni mwa muongo wa 2010, baadhi yake zilifika 14 kwa 1. Kadiri mchanganyiko wa hewa na mafuta unavyobanwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo gesi zinavyotanuka zaidi baada ya kuwaka, na sehemu kubwa ya joto hugeuka kuwa kazi badala ya kutoka na moshi.

Hapa ndipo hoja ya wanaounga mkono inapokuwa na uzito ambao wapinzani huupuuza. Kwa hesabu ya kinadharia ya mzunguko wa Otto, yaani kielelezo kamilifu cha injini ya petroli, injini ya 7 kwa 1 hugeuza asilimia 54.1 ya joto kuwa kazi, na ya 8 kwa 1 asilimia 56.5, lakini kutoka 11 hadi 12 ongezeko ni kutoka 61.7 hadi 63.0 tu. Hakuna injini halisi inayofikia viwango hivyo, kwa sababu joto hupotea kwenye kuta za silinda na msuguano hula sehemu yake, ila mwelekeo haubadiliki: hatua za kwanza ndizo zenye faida kubwa, na injini kongwe bado ziko kwenye hatua hizo. Injini iliyotoka 7 kwenda 8 inaweza kutazamia takriban asilimia 4 zaidi ya kazi kutokana na mafuta yaleyale, na dereva huisikia zaidi anapokanyaga mafuta kidogo, katika mwendo wa kawaida wa kila siku. Tofauti na kuongeza kabureta au kubadili kamshafti (shafti inayofungua valvu), faida hii haidai mafuta ya ziada.

Kwa nini basi kiwanda hakikuichukua? Aghalabu jibu ni petroli. Wakati injini nyingi kongwe zilipobuniwa, petroli ilikuwa na okteni ya chini, yaani haikuvumilia kubanwa sana bila kulipuka yenyewe. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya General Motors, aligundua kuwa mchanganyiko wa risasi uitwao tetraethili huzuia injini kugonga, yaani mlipuko huo wa wenyewe, na viwanda vikaanza kupandisha uwiano hatua kwa hatua. Baadaye mambo yakarudi nyuma: kwa magari ya mwaka 1971 General Motors yenyewe ilishusha uwiano wa injini zake ili ziweze kutumia petroli ya okteni 91. Kwa hiyo neno "injini kongwe" limebeba vitu viwili tofauti. Ipo iliyoumbwa na beringi na krankishafti za kuhimili shinikizo dogo tu, na ipo iliyoshushwa kwa sababu ya sheria na mafuta huku mifupa yake ikiwa ileile ya injini ya uwiano wa juu. Kumrudishia huyu wa pili alichonyang'anywa ni kazi nyepesi zaidi kuliko kumbebesha wa kwanza mzigo ambao hakuumbiwa, na mabishano mengi juu ya suala hili yangepungua kama kila upande ungesema kwanza unazungumzia injini ipi.

Hoja ya wanaopinga inaitwa kugonga. Cheche ikishawasha mchanganyiko, moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kingo za chemba, na mchanganyiko ulio mbali, ambao bado haujafikiwa, hubanwa na kupashwa joto. Ukizidi kiwango, hulipuka wenyewe wote kwa mara moja. Mawimbi ya shinikizo yanayotokea hukwangua tabaka jembamba la gesi iliyopoa ambalo kwa kawaida hukinga uso wa pistoni dhidi ya joto. Nimewahi kushika pistoni iliyopitia hali hiyo: uso wake ukingoni ulikuwa umelika kana kwamba umepigwa mchanga, na ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika na kubaki vipande. Injini haikuzimika ghafla. Iligonga kidogo kila ilipopanda mlima, na mwenyewe alikuwa ameshaizoea sauti ile.

Injini ya kisasa ina kihisi kinachosikia kugonga huko na kompyuta inayochelewesha cheche papo hapo, na nyingi hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ambako hupoza mchanganyiko yanapogeuka mvuke. Injini yenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) na kabureta haina hata kimojawapo, ndiyo maana kuitaja Mazda ya 14 kwa 1 kama ushahidi ni kosa. Fundi anaweza kuchelewesha cheche kwa mkono ili injini isigonge, lakini akichelewesha mno huirudisha ile faida yote aliyoifuata, na moshi hutoka ukiwa wa moto zaidi. Jambo la kuangaliwa hapa ni namba ya okteni yenyewe: pampu za Marekani huonyesha wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON, hivyo 87 ya huko hukaribia 91 au 92 ya RON inayotumika katika nchi nyingi nyingine. Anayenakili maelekezo bila kujua hilo huweza kujidanganya kwa pointi nne au tano nzima.

Hata hivyo, injini nyingi ambazo wenyewe wanataka kuziongezea mgandamizo zina tatizo jingine: zimeupoteza ule ziliokuwa nao. Kipimo cha shinikizo huingizwa kwenye tundu la plagi, stata ikazungushwa huku kabureta ikiwa wazi kabisa. Silinda ikisoma chini kuliko wenzake, humiminwa kijiko cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimechoka, na kisipopanda, huenda valvu hazikai vizuri kwenye viti vyake au gasketi inavuja. Kuchonga hedi ya injini ya namna hii ni kuongeza maji kwenye ndoo inayovuja.

Injini ikiwa nzima, kinachobaki ni kupima, na hapa siwezi kukubaliana na wanaochonga kwa kukisia. Uwiano ulioandikwa kwenye kitabu ni wa kiwandani, nao haujui kama hedi imeshachongwa mara mbili na wamiliki waliotangulia. Hedi hulazwa kichwa chini, valvu na plagi zikiwa mahali pake, mdomo wa chemba ukapakwa grisi na kufunikwa kwa bamba la plastiki angavu lenye tundu dogo. Kisha mafuta mepesi hujazwa kwa bomba la sindano mpaka povu la mwisho litoke. Kwa mfano, injini ya sisi 1280 yenye silinda nne ina sisi 320 kwa kila silinda. Ikiwa na uwiano wa 8 kwa 1, nafasi inayobaki juu, pamoja na unene wa gasketi, ni sisi 45.7, ili ifike 9 kwa 1 lazima iwe 40. Ni lazima ziondoke sisi 5.7, na ikiwa mdomo wa chemba una eneo la sentimita za mraba 38, hiyo ni milimita 1.5 za chuma. Si kidogo. Hedi zenye ukuta mwembamba juu ya njia za maji hazina akiba hiyo.

Hedi ikishuka, vingine hufuata. Kwenye injini zenye fimbo za kusukuma valvu, fimbo huwa ndefu kupita kiasi na roka, yaani mikono inayosukuma valvu, hukaa vibaya. Kamshafti ikiwa juu, husogea karibu na krankishafti na valvu huanza kuchelewa. Kabla ya kufunga moja kwa moja, kipande cha plastisini huwekwa juu ya pistoni na injini kuzungushwa kwa mkono ili kuona nafasi iliyobaki kati yake na valvu. Injini zenye valvu pembeni mwa silinda zina mpaka wa karibu zaidi, kwa kuwa kuipunguza chemba yake huiziba njia ambayo hewa hupitia.

Kwa injini ya valvu za juu yenye hedi ya chuma cha kutupwa na petroli ya uhakika ya RON 95, mimi ningeongeza hatua moja na kusimama karibu na 9 kwa 1. Kisha, baada ya safari za kwanza, plagi zifunguliwe na kauri zake nyeupe zitazamwe kwa lenzi ya kukuzia. Vitone vidogo vya rangi ya fedha juu yake ni aluminiamu iliyobanduka kwenye pistoni, na vikionekana, cheche icheleweshwe siku hiyohiyo. Gasketi nene inaweza kuushusha uwiano tena, ila huongeza nafasi kati ya pistoni na ukingo bapa wa chemba, nafasi ambayo ikibaki karibu milimita moja husaidia kuzuia kugonga. Na chuma kilichokwisha kuchongwa hakirudi.