Mwanafunzi wa mazingira asiruhusiwe kukwepa mawe

Ripoti yangu ya mwaka wa pili ilirudi na sentensi moja ya wino mwekundu: "Chini ya kijito hiki kuna mwamba gani?" Hapakuwa na alama wala neno la kunipoza. Kurasa kumi na nne za majedwali na grafu, na mhadhiri ameniachia swali hilo tu.

Nilikuwa nimepima maji ya kijito katika vituo sita. Kwenye kituo cha tatu salfeti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini, ilipanda ghafla, na kwa kuwa jirani na hapo palikuwa na mashamba, nikaandika bila kusita kwamba mbolea ndiyo iliyochafua maji. Nikapendekeza na sheria juu yake. Kalsiamu nayo ilikuwa imepanda sambamba na salfeti, tena kwenye jedwali nililolichora kwa mkono wangu, lakini hilo halikunishtua. Jumamosi nikarudi kijitoni na rafiki aliyekuwa akisoma jiolojia. Aliutazama ukingo kidogo, akachomoa kipande cheupe kutoka kwenye tabaka moja, akakikwaruza kwa ukucha, kikaacha alama. "Jasi," akasema, kama mtu anayekutajia saa.

Jasi ni salfeti ya kalsiamu iliyoshikana na maji, na huyeyuka polepole kijito kinapopita juu yake. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, jasi ni 2, na ukucha wa binadamu ni kama 2.5. Kwa hiyo kifaa kilichohitajika kuokoa ripoti yangu nilitembea nacho muhula mzima.

Siandiki haya kujilaumu. Nilikuwa nimefuata ratiba niliyopewa, na ratiba hiyo iliniruhusu kufika mwaka wa pili bila kushika jiwe. Vyuo vingi vinaweka sayansi za ardhi na za mazingira chini ya idara moja, lakini ukishamaliza utangulizi njia zinagawanyika: hawa wanachukua nyundo na dira, wale wanachukua sera, takwimu na tathmini ya athari kwa mazingira. Somo la madini na miamba linakuwa la hiari kwa kundi la pili. Na somo la hiari lenye sifa ya kufelisha watu kila mmoja wetu anajua linaishia wapi. Msimamo wangu ni kwamba liwe la lazima, pamoja na somo la maji ya ardhini, kwa kila anayetaka kuitwa mwanasayansi wa mazingira.

Mfano ninaowatolea wanaonibishia ni wa Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani. Mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia ambao mpaka leo haujabadilika sana, miaka bilioni 4.55, alioupata kwa kupima risasi, ile metali nzito, ndani ya vimondo, kikiwemo cha Canyon Diablo kilichoanguka Arizona. Urani, metali yenye mionzi, hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo ukiweza kutenganisha risasi iliyozaliwa humo na ile iliyokuwapo tangu mwanzo, unapata saa. Kilichomsumbua ni kwamba kila sampuli ilikuwa na risasi kupita kiasi. Ilikuwa kwenye vumbi la maabara, kwenye vyombo, hata kwenye nywele za mpimaji. Ikabidi ajenge maabara safi kwa kiwango ambacho wenzake hawakukizoea. Kazi ya vimondo ilipokwisha, akaanza kuifuatilia ile risasi iliyomkera. Aliipima kwenye maji ya bahari na kwenye barafu ya Greenland, na nyayo zikampeleka kwenye petroli, ambayo ilikuwa ikitiwa risasi tangu miaka ya 1920. Wenye viwanda walimpiga vita. Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na Algeria, nchi ya mwisho kuiuza, ikaiacha mwaka 2021.

Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za mazingira za karne ya 20, na aliyeifanya alikuwa anatafuta umri wa mawe. Sidhani kama ilitokea kwa bahati tu. Aliijua risasi ya asili ilivyo, ndiyo maana aliweza kuitambua ile iliyoletwa na watu. Mimi kule kijitoni sikujua maji ya mahali pale yangekuwaje kama kusingekuwa na shamba hata moja, halafu nikathubutu kusema yamechafuliwa.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mchungu zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, Bangladesh ilichimbwa visima vifupi vya bomba kwa mamilioni ili watu waache kunywa maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakiwaua kwa kuhara. Nia ilikuwa njema, na maji yalionekana safi kama kioo. Mwaka 1993 sumu ya arseniki ikagunduliwa ndani ya visima hivyo. Haina rangi, haina ladha. Hapakuwa na kiwanda cha kulaumu: mashapo, yaani mchanga na tope lililoteremshwa na mito kutoka Himalaya, yana arseniki iliyonata kwenye oksidi za chuma, na pale ambapo vijidudu vinavyokula mabaki ya mimea vimemaliza oksijeni ya chini ya ardhi, chuma huyeyuka na kuiachia arseniki iingie majini. Kwa kawaida visima vinavyofika kwenye mashapo ya zamani, yaliyo chini zaidi, huwa na nafuu kubwa. Hata rangi inasema kitu. Mashapo ya kijivu ndiyo ya kuogopa, ya kahawia mara nyingi yana nafuu, na baadaye wachimbaji wa vijijini kule walianza kuchagua kina cha kisima kwa kutazama rangi ya matope yanayotoka kwenye bomba. Ninaposikia mwanafunzi wa mazingira akisema mashapo "hayamhusu", huwa nafikiria matope hayo.

Wa nyundo nao wasifurahi mapema. Hiyo kemia ya Bangladesh inaendeshwa na vijidudu, na nimekutana na wahitimu wa jiolojia wanaouita udongo "kifusi kinachofunika mwamba". Nao wapelekwe kwenye somo la udongo, wasipewe ruhusa ya kukataa.

Najua jibu la idara: ratiba imejaa. Ni kweli imejaa, ila hebu tuangalie imejazwa na nini. Mimi nilifundishwa maana ya maendeleo endelevu mara nne, katika masomo manne, kwa slaidi ambazo hata picha zake zilifanana. Mzunguko wa kaboni nilifundishwa mara tatu, na mara zote tatu mshale wa miamba kwenye mchoro ulikuwa mdogo pembeni, hauna maelezo. Ilhali ni mshale huo unaoonyesha kwa nini dunia "kujirekebisha yenyewe" si faraja kwetu. Yapata miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia angani na joto la dunia likapanda kwa nyuzi zipatazo 5 au zaidi. Mvua yenye tindikali hafifu ikaendelea kuila miamba, kaboni ikachukuliwa na mito ikazikwa baharini, hali ikatulia. Kazi hiyo ilidai zaidi ya miaka 100,000. Punguza slaidi mbili za maendeleo endelevu, nafasi ya kulieleza hilo itapatikana.

Hoja ninayoikubali ni ya safari za uwandani. Zina gharama, na zimewekwa kana kwamba kila mwanafunzi ana miguu ya mbuzi. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, au mwenye mtoto mchanga, anabaki chuoni akipewa insha ya kufidia. Si haki, na wala si lazima iwe hivyo. Ukingo wa barabara iliyokatwa kilimani unatosha kwa somo zima la matabaka. Sampuli za kuchorongwa, yaani vipande virefu vya mwamba vilivyotolewa ardhini kwa mashine, zikipangwa masandukuni zinasomeka mezani. Kipande cha mwamba kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03 kinapitisha mwanga, na chini ya hadubini kinakuonyesha madini yaliyokijenga kwa rangi ambazo hukuzitarajia. Anayefundisha mawe kwa kupanda mlima tu amechagua njia anayoipenda yeye.

Ningebadilisha na namna ya kutoa alama. Siku hizi nasaidia kusahihisha kazi za vitendo, na ripoti zinazofika mezani kwangu ni nadhifu mno, namba zote zimekubaliana, hakuna aliyepotea njia. Daftari la uwandani, ambalo ndilo lenye ukweli, linapewa alama 5 kati ya 100, tena kwa kuhakikisha tu kwamba lipo. Mimi ningelipatia alama 40.

Muhula uliopita nilipata daftari moja lenye madoa ya tope. Mwenye nalo alikuwa ameandika kuhusu tabaka la tatu: "udongo mfinyanzi, kijivu". Akalikata neno kijivu kwa mstari mmoja, ili bado lisomeke, na juu yake akaandika: "kahawia. Nilikitazama kikiwa kimelowa, nimekisubiri kikauke." Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo zaidi: "Tabaka la pili nalo nililitazama likiwa limelowa. Itabidi nirudi."